Swichi za Shaba za Nyumba ya Kiponda

Mama yangu,

Fatiha nimeshakusomea, na Yasini nimeikhitimisha kabla ya Adhuhuri. Yaliyobaki ni ya hapa duniani, nayo sina wa kumwambia. Bi Tatu wa chini amehama leo asubuhi. Nimekaa ukumbini, pale ulipokuwa ukichambua mchele. Vyumba vya chini yetu viko wazi, milango yake inapigwa na upepo, na nyumba nzima haina sauti ya mtu. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Najua hutaisoma barua hii. Hata ulipokuwa hai ulikuwa ukisema macho yako ni ya msahafu tu, barua nikusomee mimi. Basi tujaalie nakusomea.

Kwanza nikwambie jambo ambalo hukulijua, na nadhani ungetaka kulijua. Aliyekuosha ni Bi Tatu. Ndiye huyo huyo ambaye kwa miaka hukuitikia salamu yake.

Lakini sitaki kuanzia hapo. Nataka kuanzia mbali, kwa sababu wewe hukupenda kuyazungumza na mimi niliogopa kukuuliza.

Nilikuwa mdogo Baba alipotia umeme nyumba hii. Karafuu zilikuwa zimempa mwaka mzuri, na badala ya kukununulia bangili kama wanavyofanya waume wengine, akaleta fundi wa Kihindi. Wakazunguka naye chumba kwa chumba, Baba akichagua kama mtu anayechagua vitambaa vya Idi. Chumbani kwenu ikawekwa swichi ya kuning'inia juu ya kitanda, mfano wa embe changa, unaibonyeza umelala. Bafuni ikawekwa ya kuvuta kamba. Sebuleni soketi mbili, ndogo ya matundu mawili kwa feni ya mezani, na kubwa ya matundu matatu kwa pasi. Kwengine kote zikakaa zile alizozipenda mwenyewe, za mviringo, zenye kifuniko cha shaba na ulimi mfupi katikati, zimepachikwa juu ya vibao vya msaji.

Na ngazini zikawekwa mbili za taa moja. Moja chini karibu na mlango mkubwa, moja juu karibu na mlango wetu. Unawasha chini, unapanda, unazima juu. Baba aliwaita majirani waje waone. Wewe ukasema, "Mume wangu kaoa tena, kauoa umeme," na wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kila Ijumaa asubuhi ulizisugua shaba zile kwa ndimu na majivu. Ukimaliza, mtu akipita anajiona uso wake umepanuka kama wa samaki.

Hayo nayakumbuka kwa kuwa ndiyo kicheko chako cha mwisho nilichokisikia vizuri.

Yakaja Mapinduzi. Baba aliitwa asubuhi, akavaa kofia yake, akasema atarudi kula. Ulipika wali na samaki wa nazi, ukaufunika kwa kawa. Wali ulipoa. Siku ya pili ukaupasha moto. Siku ya tatu mimi ndiye niliyeutoa nje, nikidhani utanigombeza, ukaichukua kawa ukaenda kuiosha. Hatukuletewa maiti, hatukuletewa habari. Wanawake walipokuja kukwambia ukae eda, uliwajibu mlangoni, "Simkalii eda mtu aliye hai." Hawakurudi tena na maneno hayo.

Nyumba ikawa ya serikali. Sisi tukaachiwa vyumba viwili vya ghorofa ya pili na ukumbi huu. Ghorofa ya kwanza wakapewa Mzee Songoro, mfanyakazi wa bandarini, mkewe Bi Tatu, na mtoto wao Mize ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Walitoka Jang'ombe na mkokoteni mmoja wa vitu. Siku waliyoingia, Bi Tatu alipanda kwetu na sahani ya vitumbua, kaifunika kitambaa cheupe. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Ulikuwa umekaa hapa hapa. Ukageuza uso ukautazama ukuta. Alingoja, Mama. Alingoja muda wa mtu mwenye adabu kungoja. Kisha akaiweka sahani chini, akateremka. Ulinikataza kuigusa, ikakaa pale mpaka ikaingiwa na sisimizi.

Nakuandikia haya bila ya hasira. Ulikuwa umepokonywa mume na nyumba kwa pamoja, na yule mwanamke ndiye aliyekuwa karibu. Aliyefanya hasa hukumjua na usingeweza kumfikia.

Baada ya hapo mkawa hamna kitu cha kushirikiana ila ngazi, na ngazi ilikuwa na taa yake. Mzee Songoro akirudi kutoka bandarini baada ya Magharibi, akiwasha chini, wewe unazima juu. Namsikia anasimama gizani, anapapasa ukuta, anateremka tena kuwasha. Unazima. Akitokea Bi Tatu na ndoo ya maji, hivyo hivyo. Hawakuja kukugombeza. Usiku mmoja nilimsikia Bi Tatu akimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Mwache. Mtu kafiwa." Nadhani na wewe ulilisikia neno hilo, kwa sababu ulifunga mlango kwa nguvu.

Mize alipoanza kutembea hakujua kuwa kuna ugomvi. Alipanda ngazi kwa mikono na magoti mpaka kwetu, akakaa mbele yako, akakutazama. Ulimwacha. Baadaye ukawa unampa kipande cha muwa. Baadaye zaidi, alipokuwa mkubwa wa kushika kijiti, ukamfundisha alifu na bee juu ya ubao wangu wa zamani. Ukimwita, anaitika "Naam, Bibi," na mama yake anamsikia akiwa chini, wala hamkatazi kupanda. Mimi nilikuwa nimeshaanza kusomesha, nikirudi skuli nawakuta mmekaa pamoja kama bibi na mjukuu, na mama mtu bado humwitikii shikamoo yake. Sikuielewa roho yako, Mama. Mpaka leo siielewi yote.

Kisha akaja Fundi Shomari, kaka yake Bi Tatu, anayefanya kazi za umeme. Alikuja kumtengenezea dada yake taa ya jikoni, na alipokuwa akipanda akaigusa swichi ya ngazini kwa testa yake ya kupimia umeme. Hakuugusa ulimi, aliigusa ile shaba ya nje, na testa ikawaka. Akapanda mpaka mlangoni kwetu, akavua kofia.

"Bi Mkubwa, samahani. Hivi vifuniko vina moto. Nyumba ya mawe na chokaa hunywa maji masika yote, na waya zenu zishaoza ndani. Wala hazikutiwa waya wa kwenda ardhini. Nnazo swichi mbili za plastiki nyeusi, nzuri. Nikutilieni hizi za ngazini kwanza, bila ya chochote."

Uliniambia mimi, siyo yeye, "Mwambie aliyezitia atazitoa mwenyewe akirudi."

Fundi akaivaa kofia yake. Akasema, "Basi msiziguse na mkono wa maji," akaenda zake.

Alipoondoka nilikuomba. Nilikwambia Baba mwenyewe angelikuwapo angezitoa, yeye aliyekuwa akitukemea tukiigusa soketi kwa kidole. Ukanitazama kwa namna ambayo nitaikumbuka mpaka nakufa, ukaniuliza, "Na wewe ushamzika baba yako?"  Ulitaka arudi aikute nyumba yake vile alivyoiacha. Watu walibadilisha bendera, majina, hata milango, na wewe ulikuwa na zile shaba tu.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Ukuta wa ngazini ulitoka jasho, chokaa ikaanguka vipande vipande. Siku ile mimi nilikuwa skuli. Ninayoyajua nimeyapata kwako, kwa Mize, na kwa Bi Tatu, na nimeyaunganisha mwenyewe.

Ilikuwa baada ya Adhuhuri, na mvua ilikuwa imeleta giza ndani. Bomba halikuwa na nguvu ya kupandisha maji juu, na Mize alizoea kukuletea kindoo chake kidogo cha maji ya kutawadhia. Alipofika juu akakitua, akanyoosha mkono kuwasha taa. Mkono ulikuwa umerowa, na miguu yake haikuwa na viatu juu ya jiwe bichi. Umeme ukamshika. Wewe ulisikia kindoo kinaviringika ngazini, ukatoka, ukamwona kasimama amekakamaa, vidole vimeing'ang'ania ile shaba, mdomo wazi na sauti haitoki.

Baba alikufundisha kwamba aliyeshikwa na umeme hagusiki kwa mkono. Ukaivuta bakora yake nyuma ya mlango, ukampiga mtoto mkononi. Ukampiga tena, mpaka mkono ukaachia. Akaanguka ngazini. Hapo ndipo sauti yake ilipotoka, na Bi Tatu akapanda mbio. Akakukuta umesimama na bakora mkononi, na mwanawe miguuni pako amelowa, macho yamegeuka.

"Umemuua mwanangu," alikwambia.

Nawe hukusema kitu.

Walimchukua hospitali kwa mkokoteni wa hamali, wakamfunika gunia kwa mvua. Niliporudi skuli nilikuta watu wamejaa mlangoni. Walinipisha nipite, na kule kunipisha kwao ndiko kulikonitisha. Nilisikia mwanamme mmoja akisema, "Mwarabu kampiga mtoto wa watu kwa bakora." Mwengine akasema jambo hili liende tawini, kwa wakubwa wa chama, sasa hivi. Unajua miaka ile ilivyokuwa. Neno kama hilo lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwake, na sisi tulishamtoa mmoja.

Nilipanda. Ulikuwa umekaa kitako sakafuni, bakora imelala juu ya mapaja yako.

"Mama, umempiga mtoto?"

"Nimempiga."

"Kwa nini?"

"Swichi ilimshika."

Nilikaa chini mbele yako. Nilikwambia teremka basi uwaeleze watu kwamba ulimwokoa, waeleze sasa kabla hawajaenda. Nilikushika mkono nikuinue, nawe mkono ukauvuta.

"Niwaambie nini? Kwamba nimemwokoa? Na moto ule pale kauweka nani? Fundi wa watu alikuja akavua kofia, akaniambia. Hata bakora isingemgusa, Thuwaiba, nimempiga."

 Niliteremka peke yangu. Mzee Songoro alikuwa amerudi kutoka hospitali, amekaa kwenye baraza ya nje huku mvua inamnyeshea magoti, na wanaume wamemzunguka. Nilimweleza yote mbele yao, pamoja na lile la Fundi Shomari kuja kutuonya na sisi tukakataa.  Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bi Thuwaiba," akasema, "wewe ni mtoto wake, lazima umtetee. Mimi nitasikia la mwanangu."

Wale wanaume wakamshikilia kwamba twende tawini. Akawaambia kila mmoja aende kwake. Waliondoka wakinung'unika. Yeye alibaki palepale barazani mpaka alipoitwa hospitali, na mimi nilikaa nyuma ya mlango nikisubiri kusikia kama atakwenda upande wa hospitali au upande mwengine.

Siku ya pili mtoto akazungumza. Walimuuliza Bibi alikufanyaje, akasema, "Bibi kanitoa." Ni neno hilo tu, Mama. Watu wakubwa wote wale, na roho yako ikawa imesimama juu ya neno la mtoto wa darasa la kwanza.

Mzee Songoro alipanda kwetu kwa mara ya kwanza tangu ahamie. Alisimama nje ya mlango, wewe ukiwa ndani nyuma ya pazia.

"Bi Zuhura, mtoto kasema. Nimekuja kukushukuru."

"Usinishukuru," ulimjibu. "Mwite shemeji yako aje na vyombo vyake."

Fundi Shomari alikuja siku ile ile. Ulikaa kwenye ngazi ukimtazama akifungua. Nyuma ya kila kifuniko ukuta ulikuwa mbichi, skrubu zimeota kutu ya kijani, na ngozi ya waya ilipukutika kwenye vidole vyake kama karatasi iliyoungua. Akatia zile mbili nyeusi ngazini. Kwa vyumba vyetu hakuwa na nyengine, na Darajani nzima hapakuwa na swichi ya kununua wakati ule. Hivyo akazikata waya, matundu akayaziba kwa vibao, tukabaki na taa moja ya ukumbini. Vyumbani tukarudi kwenye kandili. Alipomaliza alizipanga zile shaba sakafuni, akakuuliza aziweke wapi.

"Chukua wewe," ukamwambia. "Kaziyeyushe. Sitaki kuziona."

Ijumaa iliyofuata tulikuwa tunakunja nguo, wewe na mimi. Ukasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo, "Kanzu hii ilikuwa ya marehemu baba yako, mpe mtu." Nilikuwa nimeshika shuka. Hukuwahi kulitamka neno hilo kabla. Niliendelea kukunja, nikaikunja ile shuka vibaya, nikaikunjua nikaikunja tena.  Ndiyo matanga ya Baba tuliyoyafanya, mimi na wewe, na rundo la nguo.

Mize alirudi na mkono umefungwa. Bendeji ilipotolewa, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja kama ndoana. Daktari alisema mifupa ni mizima, ngozi ndiyo iliyovuta. Uliposikia hivyo ukaniagiza mafuta ya nazi, ukayapasha moto kwenye kikombe cha bati, ukajitanda buibui lako kana kwamba unakwenda safari. Ukateremka ngazi zile chache. Mimi nilikufuata nyuma, nikiogopa miguu yako na nikiogopa zaidi utakavyopokelewa.

Bi Tatu alikuwa mbele ya jiko anakuna nazi. Aliinua uso. Angeweza kukufukuza, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti yako ilitoka imekwaruza. Alikutandikia mkeka. Ukakaa, ukamwita Mize, ukaushika mkono wake ukaanza kuupaka. Hukumwomba mama yake radhi. Nilingoja useme, na nadhani na yeye alingoja. Hukusema siku ile, wala siku zilizofuata. Lakini kila baada ya Alasiri uliteremka na kikombe chako, ukamnyoosha kidole kimoja kimoja. Mwanzoni mtoto alikuwa akilia. Baadaye ukamfundisha asome alifu mpaka yee wakati unamvuta, ili maumivu yapite juu ya herufi. Kidole cha shahada kikanyooka. Baadaye kikafuata cha kati. Cha pete kikawa kigumu, kinanyooka kidogo jioni na asubuhi kimerudi.

Nilimuuliza Bi Tatu mara moja, tukiwa bombani, kama moyo wake umetulia na wewe. Alijaza ndoo yake kwanza.

"Sijui kama nimemsamehe," akasema. "Namwona akimshika mwanangu mkono, basi mie nakwenda kupika."

Sikukwambia hayo ukiwa hai. Nilidhani yatakuumiza, na siku ya kukwambia sikuipata.

Kifua kikakushika, miguu ikavimba, ngazi zikakushinda. Ikawa Mize ndiye anayepanda. Mlikuwa mnakaa chumbani kwako, wewe umelala na mkono wake uko juu ya kifua chako, unaupaka bila ya kuutazama. Siku zako za mwisho nguvu za kuvuta hukuwa nazo. Ulikuwa unaushika tu, na yeye anasoma herufi zake zote kwa sababu alizoea.

Ukafariki asubuhi. Hilo ulilijua, nilikuwa karibu yako. Usilolijua ni hili. Niliteremka kutafuta watu nikagundua hatuna. Shangazi yuko Maskati, bin'ammi zangu, watoto wa ami, wapo Mombasa, na yule bibi aliyekuwa akiosha maiti wa ukoo wetu alishavuka kwenda Dar es Salaam kwa wanawe. Nilisimama ngazini nikiwa sijui nigonge mlango upi. Bi Tatu akatoka, akaniona uso, hakuniuliza kilichotokea.

"Mnaosha na nani?"

"Sina mtu."

"Basi nipo."

Akafunga kanga kiunoni, akapanda. Mimi nikamwagia maji, yeye akakuosha. Alikuosha kwa upole, Mama, kama anayemwosha mama yake. Alipofika kwenye mikono alikwenda polepole zaidi, kidole kwa kidole. Akasimama na mkono wako ndani ya wake, akakuinamia sikioni, akasema, na mimi nikayasikia: "Bi Mkubwa, mie nimekusamehe. Na wewe unisamehe, nilikuita muuaji mbele ya watu." Kisha akaniambia nimpe maji ya karafuu maiti.

Nilitaka uyajue hayo. Nimekaa nayo tangu tukuzike na yananilemea. Ungeyasikia ukiwa na pumzi pengine usingesema kitu, ungegeuza uso. Lakini ungeyasikia.

Mambo yamebadilika tangu uende. Unga na mchele ni wa foleni. Ufa wa ukuta wa magharibi umepanuka, mkono wangu unaingia. Na Mize hampi mtu mkono wake. Bi Tatu alijaribu kumpaka, akalia akaukunja kifuani. Mimi nilijaribu baada ya arubaini yako, akaniambia kwa adabu, "Wewe si Bibi." Nikamwacha. Sasa kile cha pete kimejikunja kabisa, na cha kati kimeanza kufuata. Skuli anaandika kwa shida, kalamu inamtoka. Taa anaiwasha kwa kiwiko, na kiwiko chenyewe kakizungushia upindo wa kanga ya mama yake.

Kule Michenzani nyumba ya mama yake Bi Tatu ilivunjwa kupisha yale majengo marefu, na yeye akapewa fleti. Ndiyo waliyohamia, bibi mtu na wao wote. Nilikwenda nao kuitazama. Ni vyumba safi, vina madirisha makubwa, na ukuta mkavu. Swichi zake ni nyeupe, bapa, za plastiki tupu, unazigusa kwa ubavu wa mkono zinawaka. Soketi zake zina matundu mawili ya mviringo ndani ya kikombe, na pasi ya Bi Tatu ina plagi ya meno matatu ya pembe, haiingii. Fundi Shomari ameahidi kumtafutia plagi nyengine. Bi Tatu alikwenda chumba kwa chumba akiwasha na kuzima, anacheka. Mize alisimama katikati ya chumba, mikono kwapani.

"Hizi hazina shaba," mama yake alimwambia. "Njoo uguse."

"Moto si umo ndani," Mize akajibu.

Bi Tatu akaacha kucheka, akanitazama mimi.  Mtoto kasema kweli.

Aliniomba nihamie nao. Alisema nitalala na Mize, na nyumba hii itaniangukia. Nilimshukuru, nikakataa. Vyumba ni viwili na wao ni wengi, na mimi bado sijaweza kumwachia mtu chumba ulichofia. Karibuni italetwa familia nyengine ghorofa ya kwanza. Sitawajua, wala hawatakujua.

Leo asubuhi walipokuwa wanapakia mkokoteni, Mize alipanda kuniaga. Alisimama kwenye mlango wa chumba chako akatazama kitanda. Nilimuuliza kama anataka kitu cha Bibi cha ukumbusho. Akatikisa kichwa.

"Utakuja Michenzani?" akaniuliza.

"Nitakuja."

"Lini?"

Nikamwambia kesho.

Basi hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, Mama, na sina nyengine kubwa zaidi. Kesho nikitoka skuli, baada ya Alasiri, nitapasha mafuta nyumbani, niyatie kwenye chupa niifunge kitambaa isipoe, nitembee mpaka Michenzani. Nitakaa sakafuni kama ulivyokaa. Akinipa mkono nitaupokea. Asiponipa, nitamsikiliza masomo yake, nirudi nyumbani, na keshokutwa niende tena.

Mungu akuweke mahali pakavu penye nuru, akusamehe na uliyoyakiri na uliyoyanyamazia. Umsalimie Baba, ikiwa mmeonana.

Mwanao,
Thuwaiba